Kozi ya Jumamosi juu ya Jamhuri ya Weimar mjini Lubumbashi: inafaa kulipia, ila mizani yake imeelemea upande mmoja

Katika ukumbi mdogo wa maktaba moja iliyo katikati ya mji wa Lubumbashi hutolewa kozi ya historia ambayo wengi wangeiona ngeni kwa mji wa shaba: masomo manane ya Jumamosi alasiri juu ya Jamhuri ya Weimar, yaani Ujerumani kati ya 1918 na 1933, tangu Kaisari Wilhelm wa Pili alipokimbilia Uholanzi hadi Adolf Hitler alipokabidhiwa serikali. Anayeifundisha ni mwalimu mstaafu wa sekondari, mtu wa sauti ya chini na kumbukumbu kali, ambaye husema Kiswahili sanifu na kuwaachia wasikilizaji wake wajibu kwa Kiswahili chao cha mjini au kwa Kifaransa. Ada ni dola 15 kwa kozi nzima, hulipwa pia kwa franka, na ndani yake mna silabusi ya fotokopi ambayo kila mmoja hupewa siku ya kwanza. Nimeifuata hadi mwisho, na tathmini hii ninawaandikia wanaojiuliza kama ada hiyo ni pesa ya kutoa.

Kwa maoni yangu ni pesa ya kutoa. Hata hivyo, anayejiandikisha ajue mapema kwamba kozi hii inaukalia sana mwaka 1923, wakati pesa za Ujerumani zilipogeuka karatasi, na inaipita mbio miaka ya 1930 hadi 1932, ambamo jamhuri hasa ndimo ilimovunjwa. Kasoro hiyo si ndogo, kwa sababu mtu anaweza kutoka ukumbini akiamini kwamba mfumuko wa bei ndio uliomleta Hitler, jambo ambalo tarehe zenyewe zinalikataa.

Somo la kwanza linaanza na tarehe 9 Novemba 1918, na mwalimu analisimulia kwa ustadi. Siku hiyo Philipp Scheidemann, wa chama cha Wasoshalisti wa Kidemokrasia, alitangaza jamhuri kutoka dirishani mwa jengo la Bunge mjini Berlin, na saa chache baadaye Karl Liebknecht akatangaza jamhuri nyingine, ya kisoshalisti, katika mji ule ule. Dola hiyo ilikuwa na maadui wa kulia na wa kushoto kabla haijapata hata katiba. Mwalimu anatulia kwa muda juu ya jambo ambalo vitabu vyetu vya shule huliruka: kwamba ujumbe uliokwenda kutia sahihi mkataba wa kusitisha vita uliongozwa na mwanasiasa raia, Matthias Erzberger wa chama cha Wakatoliki cha Zentrum, ilhali Hindenburg na majenerali wenzake wakuu, waliokuwa wameviendesha vita na kuvishindwa, walibaki nyuma na heshima zao. Kuanzia hapo aibu ya kushindwa ikabandikwa juu ya watu wa jamhuri. Erzberger aliuawa kwa risasi mwezi wa Agosti 1921.

Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919 unaelezwa kwa namna inayomgusa msikilizaji wa hapa. Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote, na Ruanda-Urundi ikaishia mikononi mwa Wabelgiji, ambao askari wao wa Force Publique, vijana waliotolewa katika vijiji vya Kongo, walikuwa wameingia Tabora mwezi wa Septemba 1916. Kuhusu fidia ya vita iliyopangwa mwaka 1921, mark za dhahabu bilioni 132, mwalimu hakuridhika na kuitaja hesabu hiyo ya kutisha. Alieleza kwamba bilioni 82 kati yake ziliwekwa katika hati za mkopo ambazo wanahistoria wengi wanaona kwamba hata waliozitunga hawakutarajia zilipwe. Maelezo ya aina hii, yasiyokubali hadithi ya kilio kitupu, ndiyo yanayonifanya nimwamini mwalimu huyu hata pale ninapotofautiana naye.

Somo bora kuliko yote ni lile la katiba. Kila mmoja wetu alipewa karatasi yenye safu mbili: upande wa kushoto ibara tatu za katiba ya Ujerumani ya tarehe 11 Agosti 1919, ambayo rasimu yake ya kwanza iliandikwa na mwanasheria Hugo Preuss, na upande wa kulia ibara za katiba yetu wenyewe ya Kongo, ya mwaka 2006. Kwa vipimo vya wakati wake katiba ile ilikuwa ya kiungwana: wanawake walikuwa wamekwisha kupiga kura tangu Januari 1919, na baadaye sheria ya uchaguzi ikaamua kwamba kila kura 60,000 za chama zilete kiti kimoja bungeni, hivi kwamba hata vyama vidogo vilisikika. Lakini ibara ya 48 ilimruhusu Rais, usalama ukiharibika, kusimamisha uhuru wa mtu, wa nyumba yake, wa barua zake, wa maneno yake, wa mikutano na wa mali, na kutawala kwa amri. Bunge lilikuwa na haki ya kuzifuta amri hizo. Ibara ya 25 nayo ilimpa Rais haki ya kulivunja Bunge, na ibara ya 53 ikampa haki ya kumteua na kumwondoa Kansela, yaani mkuu wa serikali. Mwalimu alichora mishale mitatu ubaoni kuonyesha jinsi ibara hizo zinavyoweza kufungana: Rais anamteua Kansela asiye na wabunge, anamtilia sahihi amri zake, na Bunge likithubutu kuzifuta linavunjwa.

Hapo ndipo ukumbi ulipochangamka kwa hoja za maana. Ibara yetu ya 61 inataja haki ambazo haziguswi hata ikitangazwa hali ya dharura au hali ya kuzingirwa, na ibara ya 144 inaweka ukomo wa siku 30, ambao Bunge na Seneti wanaweza kuurefusha kwa siku 15 kila mara. Mama mmoja mwenye jamaa zake Goma aliomba neno. "Mwalimu," alisema, "Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya wanajeshi tangu Mei 2021, hizo kumi na tano tumezirudia mara ngapi?" Mwalimu hakumpa hotuba. Alimrudisha kwenye karatasi: Friedrich Ebert, Rais wa kwanza na mwanademokrasia wa kweli, aliitumia ibara ya 48 zaidi ya mara 100 kabla ya kufariki Februari 1925, mara nyingi kwa ajili ya kuiokoa jamhuri yenyewe, na kwa kufanya hivyo akawazoesha Wajerumani kutawaliwa kwa njia ambayo mrithi wake angeitumia kwa nia nyingine. Jibu hilo peke yake lilitosha kulipa nusu ya ada yangu.

Somo la mahakama lina nguvu kama hiyo. Mwanahisabati Emil Julius Gumbel alihesabu mauaji ya kisiasa ya miaka ya kwanza ya jamhuri, kati ya 1919 na 1922: 354 yalitendwa na watu wa mrengo wa kulia, na 326 kati ya hayo hayakuadhibiwa, 22 yalitendwa na watu wa kushoto, na manne tu ndiyo yaliyobaki bila adhabu. Majaji walikuwa wale wale wa enzi ya Kaisari, na jamhuri haikuwagusa. Kwa hiyo Hitler, alipojaribu kuipindua serikali mjini München mwezi wa Novemba 1923, alihukumiwa miaka mitano na kuachiliwa kabla ya Krismasi ya mwaka uliofuata. Tena alikuwa raia wa Austria, na mahakama ilikataa kutumia sheria ambayo ingemfukuza nchini. Mwalimu alisoma hesabu za Gumbel polepole, akazirudia, kisha akaendelea bila kuongeza neno.

Sasa nifike kwenye mwaka 1923, ambao umepewa masomo mawili na nusu kati ya manane. Ninaelewa kwa nini. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya shaba maisha yake yote alileta, ndani ya bahasha ya plastiki, noti ya milioni tano ya zaire, pesa yetu ya zamani, yenye picha ya Mobutu na kofia yake ya chui, ile iliyotolewa mwishoni mwa 1992 na kukataliwa na wafanyabiashara. Mwezi wa Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo wakafanya ghasia Kinshasa. Mwalimu aliiweka mezani kando ya nakala ya noti ya Ujerumani iliyochapwa upande mmoja tu, akaandika ubaoni kwamba mwezi wa Novemba 1923 dola moja ilikuwa mark trilioni 4.2, na kwamba pesa mpya, Rentenmark, ilibadilishwa moja kwa trilioni moja. Sisi mwaka 1993 tulibadilisha zaire mpya moja kwa milioni tatu za zamani, na watu wa Kasai wakazikataa zile mpya. Baada ya hapo kila mtu ukumbini mwenye umri wa kutosha alikuwa na kisa chake: mshahara uliopokelewa asubuhi na kushindwa kununua mkate jioni, karo iliyolipwa kwa magunia ya mahindi. Mazungumzo yalikuwa matamu, na mwalimu aliyaacha yaendelee hadi Jumamosi iliyofuata.

Tatizo ni kwamba jamhuri haikufa mwaka 1923. Mwaka huo majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yalikuwa yameingia bonde la Ruhr tangu Januari, Wakomunisti waliinuka Hamburg mwezi wa Oktoba, Hitler akajaribu bahati yake München mwezi wa Novemba, na pesa haikuwa pesa; jamhuri ikasimama. Gustav Stresemann alikaa ukansela siku mia moja hivi na katika muda huo akaifikisha nchi kwenye pesa mpya. Miaka mitano baadaye, katika uchaguzi wa Mei 1928, Wanazi, chama cha Hitler, walipata asilimia 2.6 ya kura na viti 12. Sikatai kwamba watu wa tabaka la kati waliopoteza akiba zao walibaki na kinyongo, na mwalimu ana haki ya kulisema hilo. Lakini Hitler alipopanda, kati ya 1930 na 1932, pesa ya Ujerumani ilikuwa imara na bei zilikuwa zikishuka. Kilichokuwa kimekosekana ni kazi. Kansela Heinrich Brüning alipunguza mishahara ya watumishi wa serikali, akapandisha kodi, akabana matumizi katikati ya mdororo wa uchumi wa dunia, na mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walioandikishwa walikuwa milioni sita.

Mji wetu una watu wanaolijua hilo pia. Mzee yule yule aliyeleta noti ni mmoja wa maelfu ya wafanyakazi wa migodi walioachishwa kazi mwaka 2003 kwa malipo ya mkupuo. Alilitaja hilo kwa sentensi moja alipokuwa akijitambulisha siku ya kwanza. Aliulizwa habari za noti kwa saa nzima, na habari za kazi hakuulizwa kamwe. Angeulizwa, darasa lingepata mlango wa kuingilia mwaka 1932 ulio mpana kuliko ule wa 1923, kwa maana kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliye na mshahara usionunua kitu na mtu ambaye hana mahali pa kwenda asubuhi, na tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu vijana waliovaa sare za Hitler au za Wakomunisti.

Miaka ya kati, 1924 hadi 1929, inapita haraka, nami sina lalamiko. Mkataba wa Locarno, kuingia katika Shirikisho la Mataifa mwaka 1926, kifo cha Stresemann tarehe 3 Oktoba 1929: vimetajwa, inatosha. Ningependa tu uchaguzi wa Rais wa 1925 ungepewa robo saa zaidi, kwa sababu Hindenburg alimshinda Wilhelm Marx wa chama cha Zentrum kwa kura milioni 14.7 dhidi ya milioni 13.8, huku mgombea wa Wakomunisti, Ernst Thälmann, akibaki kinyang'anyironi na milioni 1.9 ambazo hazikuwa na tumaini lolote la ushindi. Aliyeingia ikulu siku hiyo ndiye aliyekuwa na kalamu mwaka 1933.

Miaka mitatu ya mwisho imebanwa ndani ya alasiri moja, na hapo kozi inamwacha mwanafunzi na njaa. Serikali ya mwisho iliyokuwa na wingi wa wabunge, ya Hermann Müller, ilianguka tarehe 27 Machi 1930 kwa ugomvi juu ya nyongeza ndogo ya michango ya bima ya wasio na kazi. Julai mwaka huo Bunge lilifuta amri ya bajeti ya Brüning, Rais akalivunja Bunge, na uchaguzi wa tarehe 14 Septemba ukawainua Wanazi kutoka viti 12 hadi 107: mishale mitatu ya somo la katiba ikawa imekamilika, na nilisubiri mwalimu airudishe ubaoni, lakini muda ulikuwa umekwisha. Mwaka 1932 Bunge lilipitisha sheria tano tu, huku amri za dharura zikizidi 60.

Tarehe 20 Julai 1932, tukio ambalo silabusi inalipa mistari miwili, Kansela Franz von Papen alitumia ibara ya 48 kuiondoa serikali halali ya jimbo la Prussia, ambalo lilikuwa na zaidi ya nusu ya Wajerumani wote na jeshi kubwa la polisi lililokuwa bado chini ya Wasoshalisti. Mwaka 1920 Wolfgang Kapp, mtu wa mrengo wa kulia, alipoiteka Berlin, mgomo mkuu wa mamilioni ya wafanyakazi ulimtimua kwa siku chache. Mwalimu alikuwa ametusimulia hayo vizuri katika somo la tatu. Mwaka 1932 hakuna aliyegoma, kwa kuwa mgomo ni silaha ya aliye na kazi, na nje ya kila kiwanda palikuwa na foleni ya watu waliokuwa tayari kuchukua nafasi ya mgomaji. Visa hivyo viwili vinaitana, na kozi haikuviunganisha.

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alisema siku ya mwisho kwamba Wajerumani "walimchagua wenyewe," na kauli hiyo ikapita. Haikupaswa kupita hivi hivi. Katika uchaguzi wa tarehe 31 Julai 1932 Wanazi walipata viti 230 na Wakomunisti 89, yaani 319 kati ya 608, hivi kwamba zaidi ya nusu ya Bunge ilikuwa ya vyama visivyoitaka jamhuri ile, vyenyewe kwa vyenyewe vikichukiana. Hilo ni kosa la wapiga kura na ni haki kulisema. Lakini tarehe 6 Novemba Wanazi walipoteza kura milioni mbili na kushuka hadi viti 196. Walikuwa wakirudi nyuma Papen alipoanza kumshawishi Hindenburg kwamba Hitler anaweza kupewa ukansela na kufungwa kamba na mawaziri wahafidhina. Tarehe 30 Januari 1933 baraza lilikuwa na Wanazi watatu tu: Hitler, Frick na Göring. Hata tarehe 5 Machi, baada ya Bunge kuchomwa moto na wapinzani kutiwa gerezani, chama chake kilipata asilimia 43.9. Hakuna uchaguzi hata mmoja wa vyama vingi uliompa nusu ya kura. Alifunguliwa mlango na watu waliokuwa na funguo, na tarehe 23 Machi, viti 81 vya Wakomunisti vikiwa vimefutwa, wabunge 444 wakampa mamlaka ya kutunga sheria bila wao; 94, ambao wote walikuwa Wasoshalisti, wakakataa, na kiongozi wao Otto Wels akasema sababu zao mbele ya walinzi wenye sare waliojaa ukumbini.

Kuhusu huduma yenyewe sina mengi. Viti vya plastiki vinachosha mgongo baada ya saa ya pili, umeme ukikatika jenereta hukawia, na saa nane iliyoandikwa kwenye tangazo ni saa nane na nusu. Mwalimu anajibu kila swali, hata lile la kipuuzi, kwa adabu ile ile. Silabusi ni nzuri kwa maandishi na mbaya kwa uchapaji: fundi wa fotokopi ameachia wino ukatapakaa kwenye jedwali la chaguzi, na safu ya 1932 imefifia kiasi kwamba 230 ya Julai na 196 ya Novemba hazitofautiani. Kati ya tarakimu zote za kitabu hicho, hizo mbili ndizo ambazo msomaji hapaswi kuzikosa.

Kozi itawafaa zaidi walimu wa historia, wanafunzi wa sheria, na yeyote aliyewahi kusimamia ofisi ya kupigia kura na kutaka kujua nini kinaweza kutokea baada ya kura kuhesabiwa. Asiyejua kabisa Kifaransa atapata tabu kidogo, maana hati nyingi zimeachwa katika lugha hiyo. Nimemshauri mwalimu auchukue nusu ya muda wa 1923 aupe tarehe 20 Julai 1932, na nimemwachia nakala safi ya jedwali la chaguzi. Ameahidi kwamba darasa lijalo litakuta jedwali jipya ndani ya silabusi.